Anaitwa Dada: Utumishi wa Watoto Majumbani na Safari Ndefu ya Kuukomesha



Saa kumi na moja alfajiri daladala za kwenda Posta na Kariakoo huwa zimekwisha kujaa. Wamo akina mama wenye maduka ya vitenge, makarani, walimu, wauguzi na vibarua wa sokoni. Karibu kila mmoja ameacha nyumba, na katika nyumba nyingi ameachwa binti aliyeamka kabla ya wote akachemsha maji, akapiga pasi sare za shule na kumbeba mtoto mgongoni. Binti huyo tunamwita dada. Mtaani wanamwita hausigeli, na vijana kwa utani humwita beki tatu.

Wengi wa mabinti hao ni watu wazima wenye mapatano na mshahara. Kazi yao ni halali na ya heshima, na bila wao jiji hili lisingeamka. Katika makala hii tunamzungumzia mwingine. Huyu ana miaka 12 au 13. Alitolewa kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa, na hadi leo hajaliona darasa. Mshahara wake, kama upo, hupokewa na mtu mwingine, na hajui ni lini atarudi kwao. Huyu naye anaitwa dada.

Tunapenda tujifunze kwanza jinsi utumishi wa namna hii ulivyopingwa mahali pengine na hapa kwetu, kisha tuone Neno la Mungu, akili na sheria ya nchi vinasema nini, na mwisho tuone parokia inaweza kufanya nini.

1. "Dada mdogo" wa Hong Kong

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko China na katika koloni la Waingereza la Hong Kong, familia maskini ziliweza kumkabidhi binti mdogo kwa familia yenye uwezo. Wazazi walipewa fedha na hati ikaandikwa. Tangu siku hiyo mtoto alifanya kazi za nyumbani bila mshahara, hadi alipofikia umri wa kuolewa, na aliyemnunua ndiye aliyemtafutia mume. Watoto hao waliitwa mui tsai, maana yake ni "dada mdogo".

Tulitafakari sana jina hilo tulipolisoma. Kutoka Hong Kong hadi Dar es Salaam ni mbali, lakini lugha zote mbili zimemwita mtoto anayetumikishwa kwa jina la undugu.

Mwaka 1919 mama mmoja Mwingereza, Clara Haslewood, aliyekuwa Hong Kong na mumewe afisa wa jeshi la majini, alisikia jambo hili likitajwa katika mahubiri kanisani. Hakuishia kusikitika. Aliandika barua magazetini, na walipoondoka Hong Kong, yeye na mumewe waliendelea kulisema jambo hilo Uingereza hadi likafika bungeni. Mwaka 1921 Wachina wenyewe, wengi wao Wakristo, walianzisha chama cha kupinga desturi hiyo. Matajiri nao waliunda chama chao, ambacho hakikuitwa cha kuitetea desturi bali cha kuwalinda mui tsai. Hoja yao ilikuwa kwamba huu ni msaada kwa maskini, kwamba watoto hawa wangekufa njaa kwao, na kwamba wengi hutendewa kama watoto wa nyumbani.

Mwaka 1922 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, aliahidi kwamba desturi hiyo itafutwa ndani ya mwaka mmoja. Sheria ilitungwa mwaka 1923 na kukataza kuchukua mui tsai wapya. Hata hivyo sehemu ya kuwaandikisha waliokwisha kuwamo majumbani iliwekwa kando, ikaanza kutumika mwaka 1929 tu. Kwa miaka sita sheria ilikuwepo, lakini hakuna aliyejua watoto ni wangapi, wako wapi, wala wanaishi vipi.

Tunda la mapambano haya lilionekana baadaye. Mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha utumwa, uliopitishwa Geneva mwaka 1956, unataja miongoni mwa desturi zinazofanana na utumwa kitendo cha mzazi au mlezi kumkabidhi mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa mtu mwingine ili atumikishwe. Mkataba unasema ni hivyo iwe kwa malipo au bila malipo. Kwa hiyo mtu akisema "mimi sikumnunua", bado hajajibu swali. Swali ni kwamba mtoto huyo alikuja kufanya nini.

2. Pwani yetu: Swema, Bagamoyo na sheria zilizochelewa

Tusidhani kwamba haya ni ya Wachina. Mwaka 1870 yalichapishwa Ufaransa maisha ya binti wa Kiyao aitwaye Swema, kama yalivyopokewa na wamisionari wa Zanzibar. Baba yake alifariki, nyumba ikaingia katika dhiki, na mama akakopa nafaka kwa jirani. Deni lilipokosa kulipika, mtoto alichukuliwa kuwa malipo na kuuzwa kwa msafara wa watumwa. Mama yake aliufuata msafara kwa hiari ili asiachane na mwanawe, akaishiwa nguvu na kuachwa njiani. Swema alifika Unguja akiwa amedhoofika kiasi cha kuonekana hana faida. Alifungwa mkekani na kufukiwa mchangani angali hai. Mpita njia alisikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka kwa masista.

Hapa tuangalie chanzo. Swema hakutekwa vitani. Mlango alioingilia utumwani ulikuwa deni la nafaka la mama mjane.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliopokea utume wa Zanzibar mwaka 1863, walianzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, kama kilomita 70 kutoka hapa Posta. Waliwakomboa watoto kwa kuwanunua sokoni, wakawafundisha dini, kusoma, ufundi na kilimo. Sehemu ya fedha ilitoka kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa watoto wa China. Sadaka ya watoto wa Ulaya kwa ajili ya watoto wa China ikafika hadi Bagamoyo, na leo watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wanaandamana na sare zao katika kila parokia ya jiji.

Ukweli wote usemwe. Watoto waliokombolewa walifanya kazi nyingi katika mashamba ya misioni, chini ya nidhamu kali, na hawakuulizwa kama wanataka kukaa. Baadhi yao walitoroka. Hatusemi haya ili kuwadharau wamisionari, ambao wengi walikufa kwa homa wakiwahudumia. Tunayasema kwa sababu yana somo: hata aliyemtoa mtoto katika minyororo anaweza kujisahau akadhani kwamba sasa mtoto huyo ni wake. Kumkomboa mtu hakumpi mkombozi haki ya kummiliki.

Upande wa sheria, tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini kufunga soko hakukuwaweka huru waliokuwa tayari majumbani na mashambani. Mwaka 1897 ilitoka amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Zanzibar, ila mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake na kuonyesha atakaa wapi na ataishi kwa nini. Masuria hawakuguswa hadi mwaka 1909. Huku bara, Wajerumani waliamuru mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Ukizipanga tarehe hizi utaona mwendo mmoja. Kilichokomeshwa kwanza ni kile kilichoonekana hadharani, yaani soko na jahazi. Kilichokomeshwa mwisho ni kile kilichokuwa ndani ya nyumba, kwa sababu kilifunikwa na majina ya kifamilia. Aidha sheria zilimngoja mnyonge aje kushtaki, na mtoto wa miaka 12 hawezi kwenda kushtaki.

3. Neno la Mungu

Katika Kitabu cha Wafalme (rej. 2Fal 5:1-4) yumo msichana mdogo aliyetekwa Israeli akawekwa kumtumikia mke wa Naamani. Ndiye aliyesema kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya bwana wake. Naamani akapona ukoma na kumjua Mungu wa kweli. Maandiko yanataja jina la Naamani na la Elisha, lakini jina la msichana hayataji, wala hayasemi kama alirudishwa kwao. Tunapohubiri juu ya imani ya Naamani, ni vema tukumbuke kwamba ililetwa na mtoto mtumishi wa ndani aliyetengwa na wazazi wake.

Nehemia anatupa andiko la wazi zaidi (rej. Neh 5:1-13). Watu walimlilia wakisema kwamba kwa ajili ya nafaka na kodi wameweka rehani mashamba yao, na sasa wanawatoa wana na mabinti zao kuwa watumwa. Waliowachukua hawakuwa wageni, walikuwa ndugu zao Wayahudi. Nehemia alikasirika, akafikiri, kisha akawakusanya wakubwa mbele ya mkutano. Hakuwaambia wawatendee watoto kwa upole zaidi. Aliwaambia warudishe mashamba na waache kutoza riba, yaani alishughulikia deni lililowatoa watoto nyumbani.

Mtume Paulo anamwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, wala si kama mtumwa tena (rej. Flm 16). Paulo hatumii neno ndugu kupamba hali iliyopo. Analitumia kuibadilisha. Ukimwita ndugu, inakupasa umpokee kama ambavyo ungempokea Paulo mwenyewe.

Kanisa limefundisha hivyo hata katika nyakati zetu. Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili mwaka 1888 dhidi ya utumwa, na mwaka 1890 akaagiza mchango wa kila mwaka siku ya Epifania kwa ajili ya mapambano hayo Afrika. Katika Rerum Novarum ya mwaka 1891 alionya kwamba watoto wasiingizwe kazini kabla mwili na akili zao hazijakomaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 27, unahesabu utumwa na biashara ya wanawake na watoto kati ya mambo ya aibu yanayomvunjia Muumba heshima.

Tunaye pia Mtakatifu Josefina Bakhita wa Sudan. Alitekwa utotoni, akauzwa mara kadhaa, na mwisho akapelekwa Italia kuwa yaya wa mtoto wa familia moja. Bibi wa nyumba alipotaka kuondoka naye, Bakhita alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venezia ilitamka kwamba hakuwa mtumwa, yuko huru. Alibatizwa Januari 1890, akawa sista Mkanosa, na kutangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ndiyo siku ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Huyu alikuwa mfanyakazi wa ndani, naye aombwe na wafanyakazi wa ndani.

4. Akili inasemaje?

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na suala hili mapema. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alimweleza mtumwa kuwa chombo chenye uhai. Lakini Aristotle huyohuyo, alipoandika juu ya urafiki, alikiri kwamba ingawa huwezi kuwa rafiki wa mtumwa kwa vile ni mtumwa, waweza kuwa rafiki yake kwa vile ni mtu. Hapo hoja yake inajipinga yenyewe: kama ni mtu, basi kumwita chombo kulikuwa kosa tangu mwanzo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba nafsi ya mtu ndiyo iliyo kamilifu kuliko vyote katika maumbile. Kant, mwaka 1785, aliandika kwamba mtu asitumiwe kamwe kama njia tu, bali daima ahesabiwe kuwa lengo.

Neno "tu" lina uzito. Wote tunatumia huduma za wengine, kama dereva, mpishi au fundi. Dhambi haimo katika kuhudumiwa. Dhambi ipo pale mtu anapobaki huduma tu, kiasi kwamba akiugua tunauliza nani atapika kabla ya kuuliza anaumwa nini.

Hoja mbili husikika mara nyingi, na inafaa zijibiwe kwa haki.

Ya kwanza: "Kwao kulikuwa na njaa, hapa anakula na kuvaa. Nimemsaidia." Mara nyingi ni kweli kwamba kwao kulikuwa na njaa. Lakini chakula hakiwi bei ya utoto wa mtu. Kama nia ni msaada, basi msaada una alama zake: mtoto anasoma, anazungumza na wazazi wake, na msaada unaendelea hata siku asipoweza kufanya kazi. Tukimrudisha kijijini siku anapougua, tumekiri wenyewe kwamba tulikuwa tunasaidiwa sisi.

Ya pili: "Hata sisi tulilelewa kwa kazi. Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli pia. Kuchota maji, kufagia na kulea wadogo ni sehemu ya malezi yetu, na desturi ya kukaa kwa shangazi au mjomba imewasomesha wengi, wakiwamo mapadre. Hatusemi desturi hiyo ifutwe. Ila methali inamhusu mtoto anayekunjwa kwa faida yake mwenyewe. Basi tuangalie: je, watoto wa nyumba nao hufanya kazi hizo? Je, yeye na wao huondoka asubuhi kwenda shule pamoja? Je, hula wakati mmoja, chakula kimoja? Je, akitaka kurudi kwao, anaweza? Jibu likiwa ndiyo, huyo analelewa. Likiwa hapana, huyo anatumikishwa, hata kama tunamwita mwanangu.

5. Sheria ya nchi

Waamini wengi hawajui kwamba jambo hili lina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikia 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumtumikisha kinyonyaji, na inakataza asifanyishwe kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 inaweza kumgusa hata anayewasafirisha mabinti kutoka mikoani na kuwagawa mjini.

Tusome saa hizo tena. Binti wa miaka 14 anayeamshwa saa kumi alfajiri kupika chapati za biashara na kulala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo, anavunjiwa sheria mwanzo na mwisho wa siku.

Wapo pia wanaoshughulika. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kina nafasi kwa wafanyakazi wa majumbani. Jijini Mwanza shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa ndani, linawatetea watoto wa namna hii. Namba 116 hupigwa bure kutoa taarifa za mtoto anayeteseka, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

6. Parokia ifanye nini?

Kwanza, tuwajue. Hong Kong ilishindwa kwa miaka sita kwa sababu haikuwaandikisha watoto. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zinazijua nyumba zote. Kiongozi wa jumuiya anapoorodhesha wanafamilia, aulize pia juu ya binti anayekaa pale: jina lake kamili, kwao ni wapi, amebatizwa, anasoma? Asiandikwe "dada wa kwa mama fulani".

Pili, mafundisho. Katika utume wetu wa likizo tumeona mabinti wanaokuja Misa ya kwanza wamembeba mtoto wa tajiri wao, lakini hawamo katika daftari la Komunyo ya Kwanza wala la Kipaimara, kwa sababu mafundisho hufanyika Jumamosi asubuhi, wakati wa kufua. Katekista anaweza kupanga saa nyingine, na paroko anaweza kuwaambia matajiri wao kwamba kumnyima mtoto mafundisho ni jambo la kuungama.

Tatu, WAWATA na UWAKA wazungumze waziwazi juu ya mapatano: umri, mshahara unaolipwa mikononi mwake, siku ya mapumziko, simu ya kuwapigia wazazi. Ambaye tayari ana mtoto mdogo nyumbani asimfukuze usiku ili aonekane safi. Amrudishe kwa wazazi kwa utaratibu, au amwandikishe shule na kumlea kweli.

Nne, tufuate njia ya Nehemia. Binti anayefika kituo cha mabasi cha Mbezi ametolewa kijijini na deni, ugonjwa au kifo cha mzazi. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula bado ni mzigo kwa mjane. Parokia ya mjini ikishirikiana na parokia ya kijijini kumsaidia mjane huyo, mtoto hatahitaji kukombolewa baadaye.

Tano, sisi tunaojiandaa kwa upadre. Siku moja, Mungu akipenda, tutakaa katika nyumba za mapadre zenye wapishi na wafuaji. Tujifunze sasa kujua majina yao, umri wao na mshahara wao. Na tusiogope kulisema jambo hili mimbarani, hata kama wanaotusikiliza ndio waliochangia ujenzi wa kanisa. Kule Hong Kong, mahubiri yaliingia moyoni mwa msikilizaji mmoja, na mwisho wake bunge likasikia.

Maswali kwa jumuiya

1. Katika mtaa wetu wako watoto wangapi chini ya miaka 18 wanaofanya kazi za ndani? Tunajua majina yao?
2. Someni Neh 5:1-13. Ni madeni gani leo yanayowatoa watoto vijijini?
3. Yale maswali manne ya sehemu ya nne yakiulizwa nyumbani kwako, majibu yatakuwaje?
4. Jumuiya yetu inaweza kufanya jambo gani moja kabla ya tarehe 8 Februari?

Mtakatifu Josefina Bakhita, utuombee.